BAKTERIA WALAO MAFUTA
Historia fupi ya kusafisha udongo ulioingiwa mafuta, na funzo lake kwetu sisi wa Wasso

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani hivi sasa,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Najua wengi wangependa kusoma habari za mechi tulizoshinda, walimu waliotutandika viboko, na uji uliotushinda kunywa. Habari hizo wapo wenye kuzisimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nilifanya kazi ya uafisa kilimo hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kutazama udongo. Kwa hiyo nitaandika historia ya udongo, na hasa jinsi binadamu alivyojifunza kuwatumia bakteria kusafisha udongo ulioharibiwa na mafuta ya petroli, dizeli na oili.

Pengine mtauliza, mafuta na Wasso wapi na wapi? Hapa hapajachimbwa kisima cha mafuta wala hapajapita bomba. Naomba msomaji avumilie. Mwishoni tutaona kwamba jambo hili lipo hatua chache tu kutoka katika mabweni yetu, na kwamba uamuzi wake unatungoja sisi wenyewe.

MAFUTA YALIVYOENEA KATIKA NCHI ZETU

Babu zetu hawakujua udongo unaonuka dizeli. Mafuta yaliingia pamoja na magari, reli na mitambo, na baada ya uhuru yakazidi kuwa damu ya maendeleo.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, ambayo ilikuwa ikipata mafuta yake kwa njia ya kusini, ikajikuta imebanwa. Hapo ndipo malori yalipoanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Zambia, katika barabara ya vumbi na matope. Malori mengi yalipinduka, na madereva wa siku hizo waliiogopa njia ile. Nchi mbili zetu zikaamua kujenga bomba, nalo bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Wakati huo huo kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilikuwa kimekwisha kujengwa Kigamboni. Majirani zetu wa Kenya nao wakafungua bomba lao la Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Uganda iligundua mafuta yenye faida ya kuchimbwa karibu na Ziwa Albert mwaka 2006, na tarehe 5 Agosti 2017 likawekwa jiwe la msingi la bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 1,443, na kati ya hizo kilometa 1,147 zimo katika ardhi ya Tanzania. Mafuta ya Uganda huganda kama nta yakipoa, na kwa sababu hiyo bomba lake limetengenezwa ili lipashwe moto njia nzima. Kati ya mikoa linamopita umo Manyara, waliko jamaa zetu wengi wafugaji.

Naandika haya kwa sababu penye bomba, bohari, gereji au jenereta, hapana budi siku moja kitu kitavuja. Hilo halihitaji ramli.

WATAALAMU WALIVYOWATAMBUA BAKTERIA HAWA

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ujuzi wa bakteria walao mafuta ni wa zamani sana. Mwaka 1913 mtaalamu wa Uholanzi, N. L. Söhngen, alieleza kwamba wapo viumbe wadogo wanaoweza kuishi kwa kula petroli, mafuta ya taa na hata nta ya parafini, wakayafanya hayo kuwa chakula chao kama sisi tunavyokula ugali. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1946 Claude ZoBell, aliyefanya kazi katika taasisi ya elimu ya bahari huko California, Marekani, alikusanya pamoja yote yaliyokuwa yakijulikana hadi siku hizo. Orodha yake ya viumbe wadogo wawezao kuvunjavunja mafuta ilikaribia aina 100. Tena alionyesha kwamba wamezagaa kila mahali, katika udongo na katika bahari.

Na wametoka wapi? Mafuta ya petroli si kitu kigeni duniani. Kwa mamilioni ya miaka yamekuwa yakichuruzika yenyewe kutoka chini ya miamba na chini ya bahari. Kadhalika mimea mingi hutengeneza nta kwenye majani yake, na nta hiyo inafanana kiasi na mafuta. Kwa hiyo bakteria walijifunza kula chakula hicho kabla binadamu hajawasha injini yake ya kwanza.

Wanafunzi wa biolojia wasidhani kwamba elimu hii ni ya Ulaya tu. Ziwa Natron liko jirani yetu hapa, na wengi wenu mmeona wekundu wa maji yake. Wekundu huo hutokana na viumbe wadogo wanaoweza kuishi katika magadi makali ambayo yangechubua ngozi yako. Na kutoka katika Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wataalamu waliwatenga viumbe wa namna hiyo na kuwapa jina la kitaalamu la Natronobacterium gregoryi mwaka 1984. Viumbe wadogo wa nchi yetu wanajulikana katika maabara za mbali kuliko wanavyojulikana katika madarasa yetu wenyewe.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYIKA

Mafuta ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Bakteria hawezi kuumeza mnyororo huo kama ulivyo. Kwanza hutumia vimeng'enya vyake kuupachika oksijeni mwishoni mwake. Mnyororo hugeuka kuwa aina ya alkoholi, kisha aina ya asidi ya mafuta, ambayo haina tofauti kubwa na ile itokayo katika samli ya nyumbani. Baada ya hapo bakteria huikata vipande vipande na kuila. Kinachobaki mwishoni ni hewa ya kaboni dioksidi, maji, na bakteria wengi zaidi.

Katika hesabu hiyo yamo mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, hewa. Pasipo oksijeni kazi huzorota mno. Udongo ulioshindiliwa na magurudumu, au uliolowa chepechepe, hauna hewa.

Pili, unyevu. Udongo mkavu kama unga hauna kazi yoyote ndani yake. Unatakiwa uwe kama kitambaa kilichokamuliwa, si mkavu wala si tope.

Tatu, chakula cha ziada. Mafuta yana kaboni tele, lakini bakteria anahitaji pia naitrojeni na fosforasi ili ajenge mwili wake. Mafundi wa kazi hii hufuata kipimo cha kadiri: kwa kila sehemu 100 za kaboni, sehemu 10 za naitrojeni na sehemu 1 ya fosforasi. Udongo uliomwagikiwa mafuta umelemewa na kaboni, na hivyo bakteria wake wana njaa katikati ya shibe.

Nne, aina ya mafuta. Petroli na dizeli, ambazo ni nyepesi, huliwa upesi. Oili nzito huliwa polepole. Lami haiguswi kwa miaka na miaka. Na madini mazito, kama risasi, hayaliwi kabisa, kwa maana bakteria hawezi kuiondoa risasi duniani. Neno hili la mwisho tutalirudia.

MAJARIBIO MAKUBWA YA DUNIA

Zamani watu walipambana na mafuta yaliyomwagika kwa moto na sabuni kali. Machi 1967 meli ya Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Serikali ikaipiga meli mabomu ili mafuta yaungue, na fukwe zikamwagiwa kemikali za kuyeyusha mafuta. Baadaye ilionekana kwamba kemikali zile ziliua viumbe wengi wa ufukoni kuliko mafuta yenyewe. Dawa iligeuka sumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Ambler, Pennsylvania, bomba lilivujisha petroli ikaingia katika maji ya chini ya ardhi. Mtaalamu aliyeitwa Richard Raymond hakuleta bakteria wapya. Alipeleka chini hewa na virutubisho, akawaacha bakteria waliokuwamo wafanye kazi. Njia hiyo ilifaa, na ndiyo iliyokuwa mzazi wa kazi nyingi zilizofuata.

Wakati huo huo kijana mmoja mzaliwa wa Bengali, India, aitwaye Ananda Chakrabarty, akifanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, aliunganisha uwezo wa bakteria mbalimbali ndani ya bakteria mmoja ili awe mlaji hodari wa mafuta. Waliomba hataza mwaka 1972. Ofisi ya hataza ikakataa, ikisema kiumbe hai hakimilikiwi kama mashine. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na tarehe 16 Juni 1980 majaji 5 dhidi ya 4 wakampa Chakrabarty ushindi. Tangu siku hiyo mlango wa kumiliki viumbe vilivyotengenezwa maabara ukafunguka duniani, na mjadala wake haujaisha. Lakini wengi hawajui mwisho wa hadithi: bakteria yule aliyeleta kesi ile kubwa hakupata kutumika kusafisha mafuta yaliyomwagika nje ya maabara. Alishinda mahakamani, lakini shambani hakwenda.

Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba Alaska na kumwaga mafuta ghafi yapatayo lita milioni 40. Hapo ndipo njia ya bakteria ilipopata mtihani wake mkubwa. Zaidi ya kilometa 100 za ufuko zilitiwa mbolea, na penye mbolea mafuta yalipungua upesi kuliko pasipo mbolea. Yalijaribiwa pia maunga ya bakteria yaliyouzwa na makampuni, na katika majaribio ya ufukoni hayakuonekana kuzidi mbolea peke yake. Bakteria wenyeji walikuwa wakitosha. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, watu waliochimba chini ya kokoto za fukwe zile walikuta mafuta bado yapo, kwa sababu kule chini hewa haifiki.

Mfano mwingine unatuhusu zaidi sisi watu wa nchi kavu. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, visima zaidi ya 600 vya Kuwait vilitiwa moto, na mafuta yakatapakaa jangwani yakawa maziwa meusi. Moto wa mwisho ulizimwa Novemba mwaka huo huo. Wataalamu wa Kuwait walijaribu kuulima udongo ule, kuurundika katika matuta pamoja na mbolea, kuumwagilia na kuugeuzageuza. Na mwaka 1995 Samir Radwan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kuwait walieleza jambo la ajabu: baadhi ya mimea ya porini iliota katika mchanga uliolowa mafuta, na ilipong'olewa mizizi yake ilionekana safi, imezungukwa na bakteria walao mafuta. Mizizi ilikuwa imewafuga bakteria hao kama sisi tunavyofuga ng'ombe.

HABARI ZA JIRANI ZETU

Tusiende mbali. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika hori la Makupa, Mombasa, na mikoko ikafa. Matope ya mikoko hayana hewa, na mafuta yakizama humo bakteria hupata taabu kama ile ya Alaska.

Lakini habari inayouma zaidi ni ile ya Thange, katika kaunti ya Makueni, Kenya. Mwezi Mei 2015 wakazi wa bonde la mto Thange waligundua mafuta ndani ya mto wao. Yalikuwa yametoka katika bomba kuukuu la Mombasa hadi Nairobi, lile la mwaka 1978. Watu wa Thange ni wakulima na wafugaji wa nchi kame, na mto ule ulikuwa maji yao ya kunywa, ya kumwagilia mboga na ya kunyweshea mifugo. Visima vikanuka. Udongo ulioingiwa mafuta ukachimbwa na kutibiwa, na njia ya bakteria ikiwa mojawapo. Hata hivyo wananchi waliendelea kulalamika kwa miaka juu ya maji, afya na mashamba yao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2025 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi ilipoamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Miaka kumi! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipoonekana mtoni, siku ya hukumu alikuwa kijana wa sekondari.

Tena tutazame Ogoni, katika jimbo la Rivers, Nigeria. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa kubwa juu ya uchafu wa mafuta huko. Kampuni ya mafuta ilikuwa ikitumia njia ya bakteria: udongo wa juu hulimwa, hutiwa mbolea, hugeuzwa, kisha kazi huandikwa kuwa imekwisha. Wachunguzi walipopima maeneo 15 yaliyoandikwa kuwa yamekwisha kusafishwa, walikuta 10 kati yake bado yana mafuta kupita kipimo kilichowekwa. Katika sehemu nyingi mafuta yalikuwa yamezama hadi meta 5 au zaidi. Kijiji kimoja kilikuwa kikinywa maji ya visima yenye kemikali ya benzini zaidi ya mara 900 ya kiasi kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Taarifa ilisema kusafisha Ogoni kutachukua miaka 25 hadi 30.

Ndugu zangu, tuelewe vizuri. Bakteria wa Ogoni hawana kosa. Kosa lilikuwa la watu waliowapa kazi bila kuwapa hewa, wakalima sentimeta za juu na kuacha meta za chini, kisha wakafunga daftari. Njia nzuri ikifanywa kijujuu hugeuka pazia la kufichia uchafu. Hili ndilo ninalotaka wanafunzi walishike kuliko majina na tarehe zote nilizotaja.

SASA TURUDI WASSO

Wazee wenzangu wanakumbuka kibanda cha jenereta ya shule yetu. Kwa miaka mingi taa za kujisomea usiku ziliwaka kwa mashine ile, na bila yake wengi wetu tusingefaulu mtihani. Dizeli ilipimwa kwa dumu na mpira wa kunyonyea, na oili chafu ikamwagwa nyuma ya kibanda, kama ilivyofanywa karibu kila mahali siku zile. Baadaye hapo hapo pakawa mahali pa kutengenezea magari. Leo kibanda hakipo, lakini doa lipo: kipande cha hatua 20 kwa 15 hivi, cheusi, kigumu, kisichoota hata magugu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupita juu yake na kuteremka korongoni, na ng'ombe wa majirani hunywa huko chini.

Kwa miaka mingi doa lile halikuwa na wa kulijali. Limekuja kujadiliwa sasa kwa sababu wanafunzi wameomba mahali pa bustani ya mboga karibu na bomba la maji, na kipande hicho ndicho kilichobaki wazi. Mfanyabiashara mmoja amepeleka karatasi ya bei ya unga wa bakteria kutoka ng'ambo, akiahidi udongo safi kwa muda mfupi, na bei yake ingemeza karibu mchango wote tuliochanga mwaka huu. Baadhi yetu wameshawishika. Mimi napinga, na historia niliyoieleza ndiyo shahidi wangu.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Bakteria tunao. Wamo katika udongo wa kando ya doa lile, na wamo kwa mabilioni katika samadi ya kila boma kuanzia hapa hadi Ololosokwan. Alaska ilionyesha kwamba wenyeji wanatosha wakilishwa. Tunachokosa ni hewa, unyevu na naitrojeni, na vyote vitatu vinapatikana kwa jembe, ndoo na toroli. Nchi ya wafugaji kununua mbolea ya bakteria katika pakiti ni sawa na mtu wa Tanga kuagiza nazi kwa meli.

Mpango ninaoupendekeza ni huu.

Tuchimbe kwanza mashimo machache ili tujue mafuta yamezama hadi wapi. Tuendelee kuchimba mpaka harufu na weusi viishe, na tuandike kipimo. Tusifanye kama Ogoni.

Udongo mchafu uchimbuliwe na kuwekwa juu ya turubai gumu la plastiki, pembeni tukiinua tuta ili maji yasitoroke kwenda korongoni. Kwa kila toroli nne au tano za udongo tutie toroli moja ya samadi iliyooza, pamoja na majani makavu ili hewa ipite. Rundo lisizidi kimo cha kiuno.

Rundo ligeuzwe kila baada ya wiki mbili na kunyunyiziwa maji linapokauka. Wakati wa masika lifunikwe. Samadi isirundikwe ovyo karibu na chanzo cha maji, maana mbolea nayo ikizidi ni uchafu.

Wanafunzi wapime wenyewe. Watie udongo wa rundo katika kopo moja na udongo safi katika kopo la pili, wapande mbegu 20 za maharage katika kila kopo, kisha wahesabu zilizoota. Wafanye hivyo kila muhula na kuchora grafu ukutani. Hilo ni somo la biolojia, kemia, hesabu na kilimo kwa pamoja, na ndiyo elimu ya kujitegemea tuliyofundishwa sisi.

Hata maharage yakiota yote, tusile. Nimesema bakteria hawali risasi. Petroli ya zamani ilitiwa risasi hadi nchi zetu zilipoiacha karibu na mwaka 2006, na oili chafu ya injini za siku zile huenda ikawa nayo, pamoja na madini mengine. Kwa hiyo sampuli ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Arusha, na majibu yabandikwe mahali pa wazi. Mpaka hapo, kipande hicho kipandwe nyasi na miti ya kivuli, na bustani ya mboga itafutiwe mahali pengine, hata kama ni mbali na bomba. Wanafunzi watabeba ndoo, lakini watakula mboga bila wasiwasi.

MASWALI AMBAYO NAJUA YATAULIZWA

Je, kazi hii itachukua muda gani? Kwa dizeli, pengine misimu miwili ya mvua. Kwa oili nzito, zaidi. Anayeahidi wiki chache auze maneno yake kwingine.

Je, si afadhali kuutupa udongo huo mbali? Mbali ni kwa nani? Udongo ukitoka kwetu utakwenda kwenye malisho ya mtu mwingine, au kwenye mifereji ya ndugu zetu Wasonjo, ambao wamekuwa wakimwagilia mashamba yao kwa ustadi tangu enzi za mababu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo hairuhusu kuhamisha sumu namna hiyo.

Je, na gereji za mjini? Hapo ndipo penye kazi kubwa. Siku hizi Wasso ina pikipiki na magari ambayo sisi hatukuyaota. Mwaka 2011, watu walipomiminika kwenda Samunge kunywa kikombe cha dawa, tuliona petroli ikiuzwa kwa madumu kando ya njia, na mengine yakamwagika papo hapo. Mafundi wa gereji ni watoto wetu, na baadhi yao ni wasomaji wa jarida hili. Hakuna haja ya kuwagombeza. Wakipatiwa pipa la kukusanyia oili chafu na mtu wa kuichukua kihalali, hawatamwaga.

WITO

Ndugu wanafunzi wa zamani, pesa tulizochanga zisinunue unga. Zinunue turubai, majembe mawili, toroli, na gharama ya kupima sampuli. Zitakazobaki zijenge sakafu ya saruji yenye ukingo, ambapo mafuta ya shule yatawekwa na oili chafu itakusanywa katika pipa lenye mfuniko. Sakafu hiyo itafaa kuliko bakteria wote wa dunia, kwa maana udongo usiomwagiwa hauhitaji kusafishwa.

Na ninyi wadogo zetu, hasa wa kidato cha tatu ambao mtakuwapo kazi ikianza na ikiendelea, chukueni daftari jipya leo. Ukurasa wa kwanza andikeni tarehe, kina cha shimo, na idadi ya mbegu zilizoota. Kidato kitakachofuata kiendelee pale mlipoishia. Katika mkutano ujao nitaliomba daftari hilo kabla ya hotuba yoyote.

Mwanafunzi wa zamani,
Wasso.